Kava la Bwawa Juu ya Msiba wa Mama

Jumatatu, mwezi wa saba. Jua limetoka mapema, lakini ni lile jua letu la Sumbawanga la kuangalia tu, halikupi kitu. Upepo unashuka kutoka milima ya Mbizi unaingia mpaka kwenye mikono ya sweta. Hali yangu: sina. Ukiniuliza nimeamkaje, nitakwambia nimeamka.

Naandika hapa kwa sababu simu ina bando na mdomo hauna maneno. Wanaonisoma siku zote wanajua mimi si mtu wa kuishiwa maneno.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: naitwa Gaspa, fundi wa bwawa la kuogelea. Ndiyo, bwawa la kuogelea, Sumbawanga. Cheka, ukimaliza tuendelee. Nimetibu maji Dar, nimetibu maji Unguja, nimepanda boti ya mizigo pale Kasanga nikavuka mpaka Zambia nikatibu maji ya kambi moja ya wazungu ambao walitaka kunichukua moja kwa moja, mimi ndiye niliyekataa. Shule niliishia kidato cha pili, lakini maji hayaulizi cheti. Nikinusa tu nakwambia klorini imezidi au imepungua. Watu wananiita Daktari wa Maji. Wakisahau, nawakumbusha.

Bwawa lenyewe ni la Mama Kizito, mjane mwenye hoteli ndogo hapa mtaa wa Mazwi. Alilijenga baada ya kutembea mijini na kurudi na mawazo. Mwaka wa kwanza wageni walikuwa wanaingiza kidole kimoja cha mguu, wanakitoa, wanaagiza supu. Nikamwambia Mama, tatizo si maji, tatizo ni kwamba maji yetu yanalala uchi.

Ndipo akaagiza kava la jua. Kama hujawahi kuliona, ni nailoni kubwa ya buluu, upande mmoja laini, upande mwingine una malengelenge ya hewa kama ngozi ya mtu aliyeungua uji. Unalitandaza juu ya maji, malengelenge yakiangalia chini. Mchana jua linapita linapasha maji, usiku joto halitoki. Watu wanadhani baridi ndiyo mwizi wa joto la bwawa. Mwizi ni upepo. Upepo unalamba maji, maji yanaondoka kama mvuke, na mvuke hauondoki mikono mitupu, unaondoka na joto. Na sisi hapa Ufipa upepo ndio zao letu la kwanza, mahindi na ulezi vinafuata.

Kava lina masharti kuliko mama mkwe. Ukiweka dawa kali, siku hiyo usilirudishe, dawa inanasa chini yake na kulitafuna. Vumbi na majani ya mikaratusi unalisuuza kabla hujalikunja. Mtu asiogelee likiwa juu, hata kama umelifunua nusu, maana ukiibukia chini yake linakukumbatia na halikuachii. Na ukilikunja, kivulini, chini ya kitambaa cheupe. Likibaki limekunjwa juani, joto linajifungia kwenye mikunjo na malengelenge yanapasuka yenyewe kwa yenyewe, bila kelele. Unalikuta limekuwa nailoni tu.

Nayajua hayo yote. Ndiyo maana nayaandika leo.

Mwaka jana dada yangu Oliva, mkubwa wangu, alianguka jikoni akisonga ugali. Kiharusi. Upande wa kulia ukalala: mguu, mkono na nusu ya mdomo. Mtaalamu wa viungo hospitalini alisema atembezwe ndani ya maji, maji yatambebea uzito, ila yasiwe ya baridi maana misuli itajikaza. Alisema hivyo kama mtu anayeshauri jambo lisilowezekana. Hakujua anaongea na nani.

Nilimwomba Mama Kizito. Alijibu akiwa anachambua maharage, hata hakuinua kichwa: "Jumatatu wageni hakuna. Aje."

Wa kuingia naye alikuwa mama.

Mama, mkulima wa Izia, mtu wa jumuiya ya kanisa na jembe, maji mengi aliyowahi kuyaingia maishani ni ya mvua. Siku ya kwanza alivua viatu, akajifunga kitenge mara mbili, akashuka ngazi za bwawa na sweta lake mwilini kana kwamba anaenda kisimani. Akamshika Oliva kiunoni. Kila Jumatatu wakawa wanatembea upande usio na kina, ukuta hadi ukuta, na mimi pembeni na wavu wangu wa majani nikiwatangaza kama mpira: anapanda Oliva, anamchenga mama yake, hatari langoni. Mama alikuwa ananiambia, "Wewe mtoto, nyamaza, unamchekesha ataanguka." Nikimuuliza maji yakoje, jibu lake lilikuwa moja. Maji mazuri, mwanangu.

Oliva akaanza kutoka chumbani hadi mlangoni kwa fimbo. Kisha hadi uani.

Mwezi uliopita mama alifariki. Presha, asubuhi, kabla ya chai.

Tangu siku hiyo sijalia. Watu wakiniangalia vibaya nawaambia ninalia ndani kwa ndani. Ndani nimekwenda kuangalia, hakuna mtu.

Msiba ulikuwa nyumbani kwake Izia. Turubai la kanisa lilikuwa limekwenda msiba mwingine, na kwetu msiba hauachwi wazi, kila mtu anatoa alichonacho: huyu sufuria, yule mikeka, yule kuni. Asubuhi ya maziko nilitoka ndani nikakuta uani kumekuwa buluu. Nyuso za watu buluu, mikeka buluu, hata maharage kwenye sahani yalikuwa na rangi ya ugonjwa. Nikatazama juu. Kava langu. Limefungwa kwenye milingoti ya mikaratusi, limetobolewa pembeni kwa waya, na malengelenge yameangalia mbinguni.

Lililetwa na Mzee Shija, mlinzi wa hoteli. Alilipakia kwenye guta, ile baiskeli ya mizigo, akaja nalo mwenyewe, akapanda juu ya kiti kulifunga. Huyu ni Msukuma, alikuja huku na ng'ombe wa baba yake akabaki bila ng'ombe, na tumetaniana tangu siku nilipoajiriwa, yeye akiniita mwoga wa ng'ombe na mimi nikimwita mkimbia jembe. Siku hiyo hakunitania. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akasema, "Fundi, nisingeweza kuja mikono mitupu."

Kilichotokea baadaye kitakuchekesha, na mimi nakipa ruhusa. Kava lilifanya kazi yake. Jua lilipita kama linavyopita juu ya bwawa, upepo ukabaki nje, na chini yake kukawa na joto ambalo Sumbawanga hailijui miezi hii. Wanakwaya wakavua masweta. Wazee wakavua makoti yao ya siku zote. Bibi mmoja wa jumuiya aliyekaa nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Msiba huu una hita." Mwenzake akamjibu, "Basi tusiondoke mapema."

Na mimi, mtoto wa marehemu, mbele kabisa, padri anasoma, nilikuwa nawaza jambo moja tu. Malengelenge yako juu. Yatakufa.

Hilo ndilo nililowaza mama yangu akiwa kwenye jeneza. Nimelibeba mpaka leo, nikaona heri nilitue hapa.

Baada ya maziko, vijana wa ukoo walilishusha, wakalikunja na vumbi lake, wakaliegemeza ukutani upande wa jua. Likakaa hapo siku zote za matanga. Nilikuwa nalipita nikienda chooni. Nililiona. Ningeweza kusema, "Jamani, kivulini." Maneno matatu ya kazi hayakunijia, kumbe ni mawili. Unaona nilivyokuwa.

Niliporudi kazini na kulikunjua, nusu yake ilikuwa imekwisha. Malengelenge yamelala kama chapati. Bwawa nalo lilikuwa limekaa wazi muda wote huo, limejaa majani, maji yana baridi ya kukata. Mama Kizito alisimama pale na khanga yake mabegani akaniangalia kwanza mimi, halafu kava, halafu maji. Akasema kuhangaika na bwawa lisiloogelewa msimu wote wa baridi ni kazi bure. Alinipa mpaka leo, Jumatatu. Kama maji hayatafaa, nifungue koki, yatoke yote, likae kavu mpaka joto la mwezi wa kumi.

Mwezi wa kumi. Mtaalamu alishatuambia: mguu wa kiharusi ukiachwa unajikunja na kukaa ulivyojikunja. Tangu mama afariki Oliva hajaingia majini hata mara moja, na fimbo imeshaanza kuishia chumbani.

Sikumwambia Mama Kizito kava limeharibikia wapi. Kumtaja Mzee Shija singeweza.

Kwa hiyo wiki nzima nimeshona. Pale Kasanga, enzi zangu za kusubiri boti, nilikuwa nakaa na washona nyavu, wananilisha samaki wao wa migebuka na kunifundisha mafundo yao. Nilikata sehemu iliyokufa kwa mkasi, nikapanga vipande vilivyo hai, nikaviunganisha kwa uzi wa nyavu, mshono mrefu usiovuta, kwa sababu ukivuta nailoni inachanika palepale kwenye tundu. Mzee Shija alikuwa ananishikia ncha. Siku nzima hasemi, halafu jioni anasema, "Wafipa mnashona vizuri kuliko mnavyocheza ngoma." Mimi sikumrudishia. Akaniangalia kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Mtu akikuhurumia badala ya kukutukana, ujue kuna kitu umepoteza.

Kava jipya la vipande linafunika upande usio na kina na kidogo zaidi. Huku kwingine nimeweka nailoni ya kawaida ya shambani na kuifunga kamba, haipashi, ila angalau inamzuia mwizi. Nimelitandaza, malengelenge chini. Nikasubiri jua.

Leo mchana Oliva aliletwa na bajaji. Mzee Shija akamshusha kama anavyoshushwa askofu. Nikamwamkia, "Shikamoo, dada," akaitikia kwa ile nusu ya mdomo iliyobaki. Akakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya bwawa, fimbo magotini, akaniangalia nikifunua kava. Nililikunja lote, nikaliweka kivulini, nikalifunika shuka. Nilifanya taratibu sana. Nilikuwa natafuta utani wa kusema na sikuupata.

Oliva akasema, neno moja moja, maana ndivyo anavyoongea sasa: "Mimi nimepooza mguu. Wewe umepooza wapi?"

Mzee Shija akageukia ukutani kucheka. Mimi nikasema sijui, dada.

Mama Kizito akaja. Akainama, akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo muda mrefu kuliko nilivyopenda. Mimi nikaona bora nitangulie, nikamwambia, "Mama, kava liliharibikia kwangu. Kosa ni langu."

"Liliharibikia msibani," akasema. "Unadhani sikuliona? Nilikaa chini yake."

Mkono wake bado ulikuwa majini.

"Na mimi ndiye niliyemtuma Shija. Turubai hakuna, upepo ule, mama yako anasindikizwa. Ulitaka watu wakae wapi?"

Nikamgeukia Mzee Shija. Akainua mabega. "Aliniambia nisiseme. Mimi mlinzi, nikiambiwa nilinde nalinda."

Mama Kizito akatoa mkono majini, akaufuta kwenye khanga. Akasema maji si ya moto, na mtu asimdanganye, lakini si yale ya wiki iliyopita. Maji anaweza kuyavumilia, dawa ya maji anaweza kuivumilia, hata hilo shuka la wageni nililofunikia anaweza kulivumilia. "Ninachouliza ni kimoja. Mama yenu hayupo. Huyu anaingia na nani? Kama hana wa kuingia naye, bwawa la nini? Fungua koki."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli.

Mzee Shija hajui kuogelea, anaogopa hata beseni. Oliva hakuniangalia. Aliangalia ngazi. Kisha akaweka fimbo chini, akashika mkono wa kiti kwa ule mkono mzima, akaanza kunyanyuka peke yake.

Nikavua viatu.

Sina cha kukusimulia kuhusu moyo wangu wakati huo, kwa sababu haukuwepo. Niliingia na ovaroli. Nikashuka ngazi moja, ya pili, maji yakanifika kiunoni, nikageuka nikamshika Oliva kama mama alivyokuwa anamshika, nikagundua sijui alikuwa anamshikaje. Nilikuwa naangalia kutoka juu siku zote. Oliva akauchukua mkono wangu akauhamisha, akauweka chini kidogo, juu ya nyonga. Hapo.

Tukatembea hatua chache. Mguu wake wa kulia ulikuwa unaburuta kwenye vigae. Akasimama.

"Anza."

"Nianze nini?"

"Kama mama."

Hilo sikuwa nalijua. Kule juu, na wavu na matangazo yangu ya mpira, nilidhani wanaongea mambo ya wanawake. Kumbe walikuwa wanasali rozari. Mama anasema nusu ya kwanza ya Salamu Maria, Oliva anaitikia nusu ya pili, na kila sala ni hatua. Mama ndiye aliyebuni, ili mguu na ulimi vifanye kazi pamoja, na ili Oliva asihesabu umbali. Kumbe na ulimi ulikuwa unatibiwa humo humo. Daktari wa Maji alikuwa pembeni anatangaza mechi.

Nikaanza. Sauti ilitoka kama ya mtu anayesoma mita ya umeme. Oliva akaitikia, maneno yakiteleza upande mmoja wa mdomo, lakini yote yalikuwepo. Hatua. Nikaanza tena. Akaitikia. Kila mara tulipofika pale mwisho panapotajwa saa ya kufa kwetu, alikuwa anapunguza mwendo, na mimi nikawa napunguza. Tulipofika ukutani nilitaka tupumzike. Yeye ndiye aliyenigeuza.

Sikuona Mama Kizito alivyoondoka. Nilimsikia tu akimwambia Mzee Shija, "Koki iacheni. Na mkimaliza mlirudishe kava, upepo huo unakuja."

Tulikwenda na kurudi mpaka Oliva aliposema basi. Tukamfunga taulo, na makoti yetu yote juu yake. Mguu wake ulikuwa umelegea, nilimshika kidole gumba cha mguu huo akakikunja mwenyewe, akakikunjua. Akaniangalia kuona kama nimeona. Nimeona, dada.

Sijalia. Nisiwadanganye, najua baadhi yenu mlikuwa mnalisubiri hilo. Lakini meno yaligongana mpaka jikoni wakanisikia, wakaniletea uji wa ulezi, nikaunywa na nikajua kwamba ni wa moto. Ni muda mrefu sijajua kitu kama hicho.

Kesho nitakagua mishono, nitasuuza vumbi. Jumatatu ijayo naingia tena mimi, na itabidi nitafute kaptula kabla Mzee Shija hajaanza kuimba kuhusu ovaroli langu mji mzima.

Kuna jambo moja tu linanizuia kuzima simu. Maji yale ni ya baridi. Hata kava lilipokuwa zima, siku za mawingu hayakuwa na tofauti kubwa na leo, nalijua hilo kwa sababu ni kazi yangu kulijua. Mimi nilikuwa napima kwa kiganja, nimeinama pembeni, nimevaa koti, halafu natangaza kwamba yako vizuri. Yeye, mama yangu, alikuwa anasimama humo mpaka kifuani, mwanamke wa umri ule, na kitenge na sweta vimelowa, Jumatatu baada ya Jumatatu.

Maji mazuri, mwanangu.

Mama, kwa nini hukusema?